Mchoro wa Bluu ya Kufulia

Mwaka wa kwanza nilipoanza kufanyia kazi nyumbani, majirani waliamini nimefutwa. Hakuna aliyeniuliza. Walipunguza sauti nilipopita, na mama anayeuza mboga kwenye lango la safu yetu ya nyumba akawa ananiongezea nyanya moja juu ya zile nilizonunua. Nilizipokea. Siku moja nilijaribu kumweleza kwamba kazi yangu ni kusikiliza sauti za watu zilizorekodiwa huko ng'ambo na kuyaandika maneno yao kwenye kompyuta, neno kwa neno, na kwamba nalipwa. Alinitazama kwa huruma, kisha akaongeza na dania.

Baadaye walizoea, lakini wakaniona kwa namna nyingine. Mtu aliye nyumbani ni mtu aliyepo, na mtu aliyepo hana sababu ya kukataa. "Si wewe uko tu?" ndivyo walivyoanza kila ombi. Nikawa wa kuachiwa funguo. Nikawa wa kupokea mtungi wa gesi, wa kumfungulia fundi mlango, wa kuanua nguo mvua ikitisha. Zaidi ya yote nikawa mtu wa maji. Kwetu maji ya mfereji huja Jumanne na Ijumaa, yakitaka, na huja mchana, saa ambazo wenye nyumba wako Industrial Area au mjini. Kwa hiyo yakija ni mimi niliyekuwa nazunguka na rundo la funguo nikiwajazia watu mapipa.

Sikuchukia. Ningesema nilichukia ningekuwa mwongo. Kazi ya kuandika maneno ya watu usiowaona inamfanya mtu ajione kama hayupo, na zile funguo mfukoni zilikuwa na uzito niliouhitaji. Nilinung'unika kidogo mbele ya mke wangu, kwa ajili ya heshima tu, na yeye hakudanganyika.

Nyuma ya nyumba tuna ua. Si mkubwa, lakini ni mpana kuliko ua mwingine katika safu yetu, kwa sababu ukuta uliokuwa ukitutenga na jirani ulianguka zamani na hakuna aliyeona haja ya kuujenga tena. Huko ndiko nilikokuwa nikienda kila nilipochoka na hedfoni. Nilipanda sukuma wiki kwenye magunia, nikitoboa matundu pembeni na kuchomeka miche. Niliunda benchi kwa mbao za paleti nilizozitoa kwa rafiki anayefanya kazi kwenye bohari. Nilijenga kizimba cha sungura, kizuri kabisa, chenye paa la mabati na mlango wa waya, ila sungura sikuwahi kununua. Nilianza pia mahali pa kuoteshea uyoga, nikakomea kwenye kusoma. Mke wangu anafundisha Kayole, huondoka alfajiri na kurudi jioni, na kila jioni alitazama ua kwanza kabla ya kunitazama mimi.

"Wewe ni fundi wa kuanza," alinitania. "Kumaliza tumuachie nani?"

Jirani tuliyechangia naye ua alikuwa mjane mwenye miaka sabini na ushei, mwenyeji wa Mombasa. Alikuja Nairobi akiwa bado bi harusi, mumewe alipopata kazi katika kiwanda cha nguo, na hata kiwanda kilipofungwa hawakurudi pwani. Mumewe nilimkuta akiwa hai, lakini wakati huo mimi bado nilikuwa naenda ofisini, kwa hiyo nilimjua kwa salamu za asubuhi tu. Alifariki miaka miwili kabla sijaanza kushinda nyumbani. Mama huyu nilimwita Mama, naye aliniita mwanangu, na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kabla sijafungua kompyuta. Saa nne alitoka na birika la chai ya tangawizi, mimi nikavua hedfoni, tukakaa kwenye benchi langu. Nilikuwa nikisema ni mapumziko yangu ya kazini. Mke wangu aliniambia mapumziko ya kazini hayachukui saa nzima.

Wakati wa chai yeye alishona kofia. Ni zile kofia nyeupe za mkono wanazovaa wanaume wa Kiislamu, zilizojaa vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi hadi vikawa maua na nyota. Ni kazi ya miezi. Hakuwa akishona za kuuza. Alikuwa akishona moja tu, na aliishona kwa mwendo ambao hata mimi, mtu wa kuanza na kuacha, niliuona ni wa taratibu mno.

Alinieleza mwenyewe sababu, siku ya kwanza au ya pili. Katika nyumba yao mume alichora, mke akashona. Mzee alikuwa akikoroga bluu ya kufulia kwenye kifuniko cha soda, akachovya njiti ya kiberiti iliyochongwa, akachora moja kwa moja kwenye kitambaa bila kupima. Mkewe alifuata mistari hiyo kwa sindano. Kofia ikiisha hufuliwa, bluu hutoka, hubaki nyuzi peke yake.

"Ukisha kufua, mchoro watoka," alisema. "Ndiyo maana alipenda bluu. Penseli yaacha uchafu."

Kofia hii ilikuwa ya mwisho kuchorwa na mzee. Ukanda wa pembeni, unaozunguka kichwa, Mama alikuwa ameshaumaliza, kwa kuwa ua lake lilikuwa lile lile likijirudia. Kilichobaki ni kipande cha juu, duara. Hicho mzee alikichora kwa namna ambayo hakuwahi kuchora kofia nyingine, hakuna kilichojirudia, na Mama alikuwa ameshona kama vidole viwili tu kutoka ukingoni. Alikiweka pamoja na nyuzi kwenye kikapu cha ukindu, na kikapu kilikaa sakafuni kando ya kiti chake.

Palikuwa na jambo jingine, na hili lilijulikana safu nzima. Mwanawe wa pekee anaishi Mombasa na alikuwa akimtaka ahamie kwake. Alikuwa akipiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Mama hakumkatalia. Alimwambia, "Nikimaliza kofia ya babako n'takuja nayo." Mwana aliuliza kofia imefika wapi, na Mama alijibu kwamba macho siku hizi hayashiki tundu la sindano. Kisha alikata simu, akatia uzi sindanoni mara moja bila miwani, akacheka.

Mimi nilikuwa naombea ile kofia isiishe. Naliandika hili wazi kwa sababu wakati ule sikulisema kwa mtu yeyote, hata kwake. Wazazi wangu wako magharibi, mwendo wa siku nzima, na nikipiga simu huwa tunaongelea mvua. Huyu mama alijua nilichokula jana. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, watu husema, na husema kwa mazoea. Kwangu ilikuwa kweli, nami sikutaka aondoke.

Sasa nieleze ile kengele. Tatizo la maji yetu ni kwamba hayapigi hodi. Huja ghafla, hukaa saa moja au mbili, hukatika. Watu wengi huacha mfereji wazi ukiwa mkavu ili wasikie yakianza kutiririka. Mimi niliona huo ni ushamba unaoweza kuboreshwa. Nilichukua sufuria kuukuu, nikaifunika kichwa chini kwenye sinki, chini kabisa ya mfereji, hivi kwamba tone la kwanza likigonga kitako chake mlio ulisikika mpaka uani. Iliniokoa mara tatu mfululizo. Nilijivunia kuliko kizimba cha sungura. Nilimwonyesha mke wangu, akasema ni nzuri. Nilimwonyesha mama wa mboga, akasema, "Kwani hiyo ni nini sasa? Si ni sufuria tu?"

Nikamtegea Mama naye ya kwake, kwenye sinki lake. Hakuipenda.

"Na kama hukuisikia?"

"Mama, mimi niko hapa hapa. Ukuta ni mmoja. Nitakosaje kusikia?"

"Haya. Wewe ndiwe fundi."

Kuna mambo mawili sikuyafikiria. La kwanza ni kwamba sufuria iliyofunikwa kwenye sinki inaziba tundu la kupitishia maji. Kwangu halikujitokeza kwa sababu nilikuwa nakimbia mara tu nikisikia mlio. La pili ni hedfoni. Nyuma ya safu yetu walikuwa wamehamia mafundi wa kuchomelea mageti, na kelele zao zilikuwa zimeanza kuingia kwenye kazi yangu, hivyo nilinunua hedfoni nyingine, nzito, za kuziba masikio kabisa. Nilizinunua wiki ile ile niliyomtegea Mama sufuria, na sikuwaza kwamba fundi wa geti na kengele yangu ni kelele tu zote mbili.

Ijumaa hiyo Mama alikwenda Pumwani kwenye hitima ya jamaa yao. Aliniachia ufunguo asubuhi, akiwa amevaa buibui lake jipya. Alisema maji yakija nimjazie pipa la jikoni na ndoo mbili za bafuni, Idd inakaribia na anataka kufua mapazia. Niliingia kwake, nikapanga pipa, nikafunika sufuria, nikafungua mfereji. Ulitoa pumzi kidogo, ukanyamaza. Nilifunga mlango, nikarudi kazini.

Nilikuwa na mkutano wa kuandika, wa watu wa kampuni ya vifaa vya ofisi, saa mbili na nusu za mazungumzo kuhusu viti. Walibishana kama kiti kiwe na magurudumu manne au matano. Nilikuwa naandika kila neno, hata kikohozi. Chai ya saa nne haikuwepo siku hiyo, kwa hiyo hakuna kilichonifanya nivue hedfoni. Ninachokumbuka ni kwamba kazi ilikwenda vizuri, vizuri kuliko siku nyingi, na nilijisifu kwa utulivu wangu.

Mama wa mboga ndiye aliyenishtua. Alikuwa ameshagonga mlango, akagonga dirisha, mwishowe akaingia mpaka nilipokaa na kunishika bega. Niliruka.

"Wewe! Maji inatoka kwa mlango ya huyu nyanya jirani yako mpaka kwa barabara! Kwani ulikuwa umelala?"

Nilikimbia na ufunguo. Maji yalikuwa yamefika kifundo cha mguu. Sinki lilikuwa limefurika, sufuria ikigongwa kwa bidii, ikifanya kazi yake kama nilivyoitengeneza. Nilifunga mfereji. Viatu vilikuwa vinaelea sebuleni, mkeka umevimba, na kile kikapu cha ukindu kilikuwa kimelala ubavu karibu na mlango wa chumbani. Mama wa mboga alikunja leso yake kiunoni bila kuombwa, akachukua fagio, tukaanza kusukuma maji nje. Ilituchukua mpaka baada ya saa nane.

Alipoondoka kurudi kwenye meza yake, nilibaki nikisafisha. Nilitaka Mama akirudi asione dalili yoyote. Nilipiga sakafu deki mara mbili, nikaanika mkeka juu ya kizimba cha sungura, nikapanga viatu kwa jozi. Kisha nikafungua kikapu. Uzi ulikuwa umelowa. Ukanda wa kofia ulikuwa umelowa. Kipande cha juu kilikuwa na matope ukingoni, na mistari yake ya bluu ilikuwa imeanza kutawanyika, lakini ilionekana. Naweza kuapa kwamba ilionekana. Nilivitia vyote kwenye beseni la maji safi, nikaongeza sabuni ya unga, nikavifikicha kwa upole, polepole, kwa sababu nilijua ni kitu cha thamani. Maji yakawa ya bluu. Niliyaona. Niliwaza kwamba kikapu kinatoa rangi. Nikamwaga, nikasuuza, nikamwaga tena, mpaka maji yakawa meupe. Halafu nikavianika kwenye kamba uani, kila kipande na kibanio chake, nikasimama kutazama weupe ule kwa kuridhika.

Mtu anaweza kuambiwa jambo kwa lugha nyepesi, akalielewa, akanywa na chai juu yake, na bado asilijue siku anapolihitaji. Mimi hulipwa kwa kusikiliza.

Mama alirudi alasiri. Nilimpokea langoni, nikamweleza habari ya sufuria njiani, nikamwomba msamaha kabla hajaingia. Alisema, "Maji ni maji, mwanangu. Hakufa mtu." Aliingia, akatazama sakafu, akasema imekuwa safi kuliko alivyoiacha, na kweli alitabasamu. Kisha alifungua mlango wa nyuma.

Alisimama hapo kizingitini. Kamba ilikuwa hatua chache mbele yake. Aliangalia kile kipande cha duara kikicheza kwa upepo, cheupe chote, ila vile vidole viwili vya nyuzi ukingoni.

"Nani kaifua?" aliuliza.

"Mimi, Mama," nilisema. "Ilikuwa imechafuka."

Nilisema kwa fahari. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kuliko mafuriko, kuliko sufuria. Nilikuwa nangoja ashukuru.

Naye akashukuru. Alisema, "Ahsante," akaenda kukichukua, akakiinua kuelekea kwenye jua, akakigeuza upande wa pili, akakiinua tena. Ndipo nilipoelewa. Nikakaa kwenye benchi. Nilianza kusema kitu, akanionyesha kiganja, si kwa hasira, kama unavyomwomba mtu anyamaze ukiwa unatafuta kitu ulichokiangusha. Alitafuta sana. Halafu akaingia ndani na kufunga mlango wa nyuma, ambao mchana haukuwa ukifungwa.

Jioni mke wangu alisikiliza yote akiwa bado na mkoba begani.

"Lakini si alikuambia hiyo bluu hutoka ikioshwa?"

"Aliniambia."

"Sasa?"

Nilimpokea mkoba. Alikwenda mwenyewe kwa Mama, akakaa huko mpaka ugali wetu ukapoa. Aliporudi alisema wameongea kuhusu shule, na kwamba nisiende kwanza.

Jumamosi na Jumapili hakutoka. Jumatatu saa nne nilivua hedfoni, nikasikia mlango wake ukifunguliwa. Alikuja na birika kama kawaida, vikombe viwili, na sinia. Kwenye sinia palikuwa na kile kitambaa cha duara kimepigwa pasi, kifuniko cha soda chenye bluu iliyokorogwa, na njiti ya kiberiti iliyochongwa ncha. Alimimina chai kwanza. Alisubiri ninywe. Kisha akanisogezea sinia.

"Hebu chora," alisema.

"Mama, mimi sijui kuchora."

"Sikwambii uchore kwa ustadi. Nionyeshe tu vile ilivyokuwa. Ulikuwa waiona kila siku."

Nilichukua njiti. Nilikuwa nimekaa kando ya kofia ile muda wa miezi minane, kwa saa nzima kila siku ya kazi. Niliweza kumwambia kiti cha ofisi kina magurudumu mangapi. Niliweza kurudia maneno ya wageni wasionijua, na vikohozi vyao. Katikati ya duara lile palikuwa na nini? Nyota? Jani? Nilifumba macho nikaona mikono yake, niliona birika, niliona magunia yangu ya sukuma wiki yaliyohitaji maji. Kofia sikuiona.

"Wewe mwenyewe hukumbuki, Mama?" nilimuuliza, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayeomba kuokolewa.

"Mimi?" Alitazama vidole vyake. "Mimi nalikuwa nafuata tu. Namaliza mstari huu, nafuata ule. Sikuitazama yote. Niliona n'taitazama ikisha."

Nilichovya njiti. Nilichora ua moja katikati, la petali tano, la kubahatisha. Bluu ilisambaa kidogo kwenye uzi wa kitambaa. Aliinama akalitazama kwa muda mrefu, kwa heshima, kana kwamba limechorwa na mtu mwenye haki ya kulichora.

"Hilo silo," alisema.

"Samahani, Mama."

"Najua."

Alimaliza chai yake. Alikunja kitambaa mara mbili bluu ikiwa bado mbichi, akakusanya vikombe, akaingia ndani. Kupitia ukutani, kwa kuwa sikuwa nimevaa kitu masikioni, nilimsikia akimpigia mwanawe simu, siku ambayo haikuwa Ijumaa, akimwambia kofia imekwisha.